Mavazi ya Mwalimu wa Ng'ambo

Niinulieni mto, wanangu, mnisikilize, na wewe kifunguamimba usisimame mlangoni kama mgeni, maana mengi ya leo ni yako. Miaka ishirini na sita nililishonea mavazi kundi letu la maigizo, sisi wa huku na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, na hakuna mkubwa aliyetukutanisha: Mwalimu alivuka na daftari lake la michezo, nami nikamwachia chumba cha cherehani tufanyie mazoezi, wao wakicheka matamshi yetu na sisi yao. Baba yenu alipofariki, ndugu zake walituma salamu, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wa ng'ambo ndio waliokuja kukaa nasi. Na wewe, mkubwa wangu, ulipokuwa na kigugumizi watoto wakikuzomea, nani aliyekupa maneno ya mchezo ukayarudia mpaka ulimi ukafunguka? Si Mwalimu?

Kisha wakubwa wakagundua kwamba tupo. Wakatia saini ushirikiano wa utamaduni, wakatundika mabango, nawe ukapewa ofisi ya kuusimamia. Siku ya maonyesho Mwalimu akazuiliwa mpakani tangu asubuhi, eti hana barua yenye muhuri, mzee mzima amesimama juani, vazi nililomshonea amelikunja kwapani. Nikakufuata meza kuu. Kwa ulimi uleule ukaninong'oneza, "Mama, usiniaibishe mbele ya wageni. Utaratibu ni utaratibu." Na barua ilikuwa mezani kwako wiki ya tatu, inangoja mkono wako tu! Asante ya punda ni mateke, lakini punda huyu nilimzaa mimi. Mwalimu akarudi kwao, hakuvuka tena, kundi likafa, na ninyi wa maofisini kila mwaka mnausherehekea ushirikiano kwa hotuba.

Sasa shikeni neno. Chumba na cherehani ni vya kitindamimba, na mtu wa ng'ambo akibisha afunguliwe. Mavazi yote ni ya Mwalimu. Wewe, mkubwa wangu, ndiwe utakayempelekea, upange foleni mpakani na wachuuzi, kitambulisho cha kazi ukiache nyumbani, ukamwombe radhi mbele ya wanawe. Akikufukuza, rudi kesho yake. Usinililie, miaka minne tangu siku ile ulikuwa nayo ya kulia.

Hasira yangu naondoka nayo, siwaachii. Radhi nawapa wote... hata wewe, mwanangu, hata wewe. Mungu awape... awape watu wa kuwapokea popote mtakapobisha. Maji... hapana, maji atanipa mwenzio. Wewe kafunge mizigo.