Wingu Juu ya Chumba cha Sumaku

Kijiwe chenyewe cha kahawa ni benchi moja la mbao, mkabala na maabara ya chuo. Mzee Sindano, fundi cherehani, hapendi kukaa kwingine, maana bintiye ndiye anayeendesha mtambo wa sumaku humo ndani, ule wa kupima kipande cha madini kinapitishaje umeme na kinavutwaje na sumaku. Asubuhi hiyo, kahawa haijapoa, bomba la juu ya paa likanguruma na kutema wingu jeupe. Sindano akampigia bintiye. Simu ikaita mpaka ikakata.

— Hapokei.

— Yuko kazini huyo, alisema Breki, dereva mstaafu. Mwenda pole hajikwai.

— Kujikwaa kumeingiaje hapa?

— Nakutuliza tu, ndugu yangu.

Redio, muuza magazeti asiyeishiwa habari, akasogea karibu.

— Sumaku ile inang'oa koleo mkononi mwa mtu. Si bintiyo mwenyewe alituambia? Sasa fikiria damu. Damu ina chuma!

— Kidogo tu, Breki akasema.

— Haba na haba hujaza kibaba!

Sindano akapiga tena. Ikaita, ikakata, naye bado kaibana sikioni.

— Tena nasikia sumaku hiyo ikipasuka, saa za mtaa mzima zinarudi nyuma, Redio akaendelea.

Breki akatazama mkono wake.

— Yangu imesimama.

— Umeona!

— Imesimama tangu mwaka jana.

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kahawa yake, akawageukia.

— Samahani, wazee wangu. Geti si lile pale? Mbona hakuna aliyekwenda kuuliza?

Breki akachungulia kikombe chake. Redio akakosa habari. Sindano alikuwa na jibu, ila halisemeki: maadamu amekaa benchini, mwanawe bado ni mzima.

Akainuka, akavuka barabara. Ndani ya geti wafanyakazi walikuwa wamekaa chini, wameegemea ukuta. Bintiye alikuwa miongoni mwao, na koti lake jeupe.

— Baba! Umefuata nini huku?

— Hupokei simu.

— Iko kabatini. Hatuingii nazo kwenye sumaku. Ni ile gesi ya kimiminika ya kupozea mtambo, imechemka yote ikatokea juu. Ikijaa chumbani inafukuza hewa, ndiyo tukatoka mbio. Hamna neno, baba.

Alisema hamna neno huku akicheka. Sindano akamshika mikono amwinue, akaikuta ya baridi, nayo ikamng'ang'ania. Akaacha kumwinua. Akaketi naye pale chini.

— Usimwambie mama, binti akanong'ona.

Hapo hapo simu ya Sindano ikaita. Alikuwa mama mtu. Wingu lile lilionekana mpaka nyumbani. Mzee akaitazama, akamkabidhi bintiye.

— Pokea wewe, mwanangu. Asikie sauti yako kwanza.