Mama Ndoo na Somo la Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha walezi wa kujitolea wa vikundi vyetu vya vijana, mkufunzi wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Novemba. Jina lake la kwenye faili wengi hawalijui. Tunamwita Mama Ndoo, kwa sababu kila mafunzo aliyafungua kwa kuweka ndoo ya maji katikati ya ukumbi wa nyuma, akamwita mtu mbele na kummiminia maji mkononi kwa dakika ishirini kamili, kana kwamba ameungua.

Mkono ulikuwa mzima, lakini dakika zilikuwa za kweli. Kinyozi mmoja alilalamika kwamba vidole vimekufa ganzi. "Wewe mzima umechoka dakika ya tisa, baba," alimwambia, "sembuse mtoto anayelia?" Kinyozi yule ni mlezi wetu hadi leo, na dakika ishirini hajazisahau.

Alianza kazi kama karani wa stoo, akihesabu mahema. Aliona mahema yanarudi yamechanika na walezi wanarudi wamenuniana, akaomba ukumbi na siku za Jumamosi. Alipewa. Tangu hapo amefundisha mafundi bomba, wauguzi, wauza duka na mjomba wa karibu kila mtu katika ofisi hii.

Kisha, tarehe 6 Februari mwaka huu, makao makuu yakatuletea maendeleo. Ukumbi wa nyuma uligeuzwa stoo ya viti na mafunzo yote yakahamia mtandaoni: masomo saba, saa sita. Mimi niliyamaliza kwa dakika arobaini na tatu, ishirini kati ya hizo nikiwa napiga pasi. Kuna katuni yenye macho kama sahani inayopunga mkono bila kuchoka. Kuna sauti inayokusomea kila neno lililo mbele yako, kana kwamba shule ulipita nje ya uzio. Ukibonyeza "Endelea" unapongezwa. Ukikosea unapongezwa kwa kujaribu. Karibu kila swali jibu lake ni "yote yaliyotajwa hapo juu", kwa hiyo hata paka akitembea juu ya kibodi anaweza kupata cheti.

Isipokuwa somo la nne. Mtoto ameungua kambini. Mlezi afanye nini kwanza? Jibu sahihi, kwa mujibu wa mfumo, ni kujaza fomu ya tukio. Mama Ndoo alichagua maji, akafeli, na ukifeli somo moja hupati cheti. Alijaribu mara saba, na mara zote saba alichagua maji. Fundi wetu wa kompyuta, kwa nia njema kabisa, alimshauri abonyeze fomu tu yaishe. "Nikiuzoesha mkono fomu," alimjibu, "siku ya moto utaenda kwenye fomu wenyewe." Aliandika barua tatu kuomba swali lirekebishwe. Zote zilijibiwa na mashine, ikimshukuru kwa ushiriki wake.

Bila cheti hakuna kuwa mlezi kambini, na kambi ya Agosti ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake. Mtu aliyefundisha kambi nzima akakataliwa na kambi. Alichofanya ni kuusoma waraka wa makao makuu uliodai cheti, neno kwa neno, akagundua kwamba wapishi hawakutajwa. Akajiandikisha jikoni, kumenya vitunguu.

Tarehe 19 Agosti, saa moja na robo asubuhi, binti wa miaka kumi na miwili alijimwagia chai ya moto mkononi. Mlezi aliyekuwa karibu ni fundi cherehani, mtu mwema, mwenye cheti cha alama mia kwa mia. Akatoa simu kutafuta fomu. Mtandao ukakosekana. Akapanda juu ya benchi, akainua simu juu zaidi.

Mama Ndoo alikuwa ameshatoka jikoni na ndoo. Alimvua binti bangili, akaanza kumimina. "Shuka, baba," alimwambia fundi. "Simu haina maji. Shika kikombe." Fundi alimimina dakika ishirini bila kupokezana, huku akilia kuliko binti mwenyewe. Daktari aliyeuona mkono siku hiyo alisema maji yale ndiyo yaliyouokoa.

Makao makuu hayakukaa kimya. Yaliongeza somo la nane, "Ndoo na Usalama": dakika kumi na tisa za katuni ileile ikipunga mkono kando ya ndoo ya kuchorwa, tena tupu. Somo la nne halijaguswa.

Fundi cherehani hakusubiri liguswe. Tangu Septemba, kila Jumamosi, yeye na walezi wenzake ishirini na wawili, wote wenye vyeti, wanakutana uani nyuma ya ukumbi uliojaa viti. Jumamosi iliyopita Mama Ndoo alikaa safu ya nyuma, mikono mapajani, na fundi ndiye aliyemimina. Dakika ya kumi na nne mtu mmoja alilalamika. Fundi hakumwachia.

Mama Ndoo, unaondoka ukiwa umefeli mara saba, nasi tuliofaulu tunakushukuru. Uwe na afya, ulale hadi jua lipande, na wajukuu wakufaidi. Ndoo tu utuachie.