Siku Tuliyonyolewa kwa Ajili ya Kampuni

Mulembe, ndugu zangu wa Bungoma. Mwenyekiti amenipa nafasi kabla ya chai, kwa sababu baada ya chai mtamsikiliza yule binti anayetafuta wawekezaji wa mradi wake wa kupoza maziwa, na hapo nyote mtakuwa na furaha. Mimi kazi yangu ni kuwapunguzia hiyo furaha. Nimetoka Kitale mpaka hapa Mabanga kwa jambo hilo tu.

Wengine wenu mnanijua kwa zile makala zangu za gazetini, ambazo mke wangu husema zinafungia maandazi vizuri. Nilisoma uchumi chuo kikuu, nikaufundisha kidogo, kisha nikaanza kuuandika kana kwamba nauelewa.

Dada yangu aliolewa Saboti. Binti yake, ambaye ni mtoto wake wa pekee, akawa mhandisi. Aliniita khocha, kama ilivyo kwetu kumwita kaka ya mama, na akiwa na jambo zito alikuja kwangu. Msimu mmoja mvua iliwakuta watu wameanika mahindi kwenye maturubai, yakaota ukungu. Mpwa wangu akatengeneza mashine ya kuyakausha, ndogo ya kubebwa kwa pikapu. Mkulima anaiita kwa simu, inamfuata nyumbani, analipia kila gunia.

"Khocha, nataka watu wa kuniamini mapema," akaniambia. "Benki wanataka hati ya shamba. Mimi sina shamba, nina mashine."

Nikajiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimesoma jinsi kampuni changa zinavyopata pesa za mwanzo. Watu wachache wananunua sehemu ya kampuni kabla haijapata faida. Nyingi zinakufa. Ikipona moja, inafidia zilizokufa. Nikawakusanya marafiki zangu wa Kitale, akiwemo mwalimu mkuu mstaafu, daktari wa mifugo, na mwenye duka la mbegu. Tulikuwa kikundi cha kusaidiana wakati wa mazishi; tukajiita wawekezaji. Kubadilisha jina kulikuwa rahisi sana.

Sasa nawaonyesha mahali nilipoteleza. Tulikuwa sebuleni kwa mwalimu mkuu, mama ambaye nusu ya Kitale imepita mikononi mwake. Akaniuliza, "Na hii pesa inarudi vipi?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nianzeje kumwambia, huku nakula chapati zake, kwamba kitu cha mtoto wa dada yangu huenda kikafa? Mnajua kwetu. Mtu hataji kifo mbele ya mimba. Nikasema, "Mwalimu, ni kama mkopo wa chama, ila huu una utamu zaidi."

Wakacheka. Wakatoa.

Mashine ilikausha mahindi, hilo nisiwafiche. Shida ni kwamba ikifika kwa mtu, majirani wote wanakuja na mahindi yao kwa mikokoteni, na hakuna mama wa Saboti atakayemwambia jirani yake arudi nyumbani na mahindi mabichi. Analipa mmoja, kinakaushiwa kijiji kizima. Mpwa wangu aliliona hilo, akaniambia. Mimi nikaandika ripoti tamu kwamba watumiaji wanaongezeka kwa kasi. Walikuwa wanaongezeka kweli! Mwekezaji mkubwa akaja kutoka Nairobi, akazunguka, akala kuku, akasema wazo ni zuri ila bado ni mapema. Katika biashara hii maneno hayo yana maana moja tu, nayo ni kwaheri.

Kampuni ikafa. Na kila mwekezaji akaanza kumdai mpwa wangu, maana si mimi ndiye niliyesema ni mkopo? Mwalimu mkuu alimpigia simu asubuhi kabla hajanywa chai. Daktari wa mifugo alimngoja mlangoni kanisani: "Sasa, Injinia? Pesa ya mbuzi niliyeuza umeifikisha wapi?" Watu wanacheka, naye anacheka nao. Kisha akauza mashine, akauza kompyuta, akabadilisha laini ya simu na kuhama Kitale.

Mimi nilifanya nini? Niliandika makala kuhusu ujasiri wa vijana wetu. Chekeni tu, mimi ndiye nashindwa kucheka.

Dada yangu alikuwa na presha. Hakuwahi kunilaumu, ila aliacha kuniuliza habari za kazi yangu. Presha ikamuua, tukamzika kule kwake Saboti. Kikundi chetu kilikuja chote, tukakaa kwenye hema, viti vya mbele, kama ilivyo desturi ya kikundi. Nilipokuwa nasoma wasifu wa marehemu niliinua macho, nikamwona mpwa wangu nje ya ua, katikati ya watu wasiomtambua, amejifunika leso mpaka puani. Jeneza liliposhushwa hakuwepo. Mtoto wa pekee hakumtupia mama yake hata konzi ya udongo, kwa sababu sisi tulikuwa tumekaa mbele.

Ndugu zangu, niliacha watu kaburini nikamkimbilia barabarani na hili tumbo langu.

"Siku ya kunyoa uje," nikamwambia.

"Khocha, siku hiyo wanaodai wanasimama. Wakisimama mbele ya nyanya yangu, nitasema nini?"

Akaenda.

Nyinyi sihitaji kuwaeleza siku hiyo. Mazishi yakishapita, wafiwa wananyolewa, mzee wa ukoo anauliza nani alimdai marehemu, deni linasemwa, linakwisha. Tuliketi tukingoja, mimi macho kwenye lango. Sikujua naomba aje au asije. Akaja. Hakumsalimu mtu, akapita katikati yetu, akaketi kwenye mkeka kando ya nyanya yake.

Mzee akauliza swali lake. Mwalimu mkuu akasimama.

"Marehemu simdai. Namdai huyu binti. Mama yake mwenyewe alilijua deni, ndiyo maana alikuwa ameanza kulipa."

"Kulipa nini?" nikauliza.

Mwenye duka la mbegu akainamisha kichwa. "Ng'ombe wa maziwa. Alimleta mwenyewe dukani kwangu, kwa kamba. Nilidhani unajua."

Sikujua. Yule ng'ombe ndiye aliyemsomesha huyo mhandisi. Na dada yangu, na presha yake, alimvuta barabarani kutoka Saboti kwenda kulipa deni ambalo halikuwepo.

Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, uliniuliza pesa inarudi vipi, nikakudanganya. Haukuwa mkopo. Tulinunua sehemu ya kampuni, na ilipokufa, sehemu yetu ilikufa nayo. Hatumdai huyu mtoto. Tumefiwa pamoja naye."

"Ati?" Daktari wa mifugo akanigeukia. "Kwa hiyo muda huu wote tumekuwa tukimdai mfiwa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Bana, wewe!" Akatafuta neno la kuniita mbele ya wazee, akalikosa, akakaa.

Mwalimu mkuu alibaki amesimama. Nilidhani ananitafutia adhabu. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kiti.

"Kama nimefiwa," akasema, "basi ninyolewe."

Akaenda kuketi mkekani kando ya mpwa wangu. Mama mwenye wembe akamtazama mzee wa ukoo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Daktari wa mifugo akafuata, akinung'unika. Mwenye duka akafuata, analia. Zamu yangu ilipofika, mama yule aliutazama huu upara mnaouona.

"Na huyu tutamnyoa nini?"

"Ndevu," akasema mpwa wangu.

Watu wakacheka, na yeye akacheka, na kicheko kikageuka katikati. Akamlilia mama yake kile kilio alichokuwa amekizuia nje ya ua. Mwalimu mkuu alimshika mpaka kikaisha.

Nawashukuru wale wote walionyolewa. Namshukuru mwenye duka, aliyemrudisha ng'ombe na ndama wake. Lakini msije mkadhani mambo yamekaa sawa. Mpwa wangu ameajiriwa mbali. Nikimpigia anapokea, ananijibu kwa adabu, na anamaliza mazungumzo kabla sijayaanza. Nyumbani kwangu hajafika. Ng'ombe anakamuliwa na jirani.

Sikuja kuwakataza kuwekeza. Wazo la maziwa nimelisikia, ni zuri, kama lile la mahindi. Ninaloomba ni hili. Baada ya chai, kabla yule binti hajafungua mdomo, mmoja wenu asimame amwambie, kwa lugha ile mnayoombea: "Mwanetu, hiki kitu chako kinaweza kufa, na kikifa hatutakudai, tutakuja kunyolewa pamoja nawe." Mkishasema hivyo, mwacheni aeleze. Na kama hapa ndani hakuna aliye tayari kunyolewa, mpeni chai yake anywe, mumsindikize mpaka barabarani, arudi kwa mama yake.