Atakayeingia Pangoni Baada Yangu

Rhoda, niinue kidogo, mto uwe nyuma ya kiuno, kisha keti karibu na kaka yako Lorne. Clifford, mkwe wangu, acha kuchochea jiko. Sikilizeni wanangu, kwa maana sina pumzi ya kurudia maneno.

Vitu vidogo kwanza. Mashine ya kushonea, shanga na ngozi zilizolainishwa ni za Rhoda. Nyavu za samaki ni za Clifford, ambaye miaka yote amezitumia bila kuomba, basi kuanzia leo azitumie kwa haki. Dada yangu Selina, anayeeneza kwamba niliiba kisu cha marehemu mama, apewe kisu hicho. Sikukiiba, lakini apewe, akae nacho akijua.

Kimebaki kibanda cha Kijito cha Mfupa, pamoja na njia ya mitego inayopanda hadi nyanda za juu, na hicho ndicho mlichokuja kukisikia, msijifanye mmeniletea supu.

Nilipokuwa msichana kulungu wa theluji walipita nyuma ya kibanda kile mchana kutwa, na mama yangu alishona bila kuinua macho, kwa kuwa hakuna anayesimama kutazama kitu kisichokwisha. Sasa vijana wakimwona mmoja wanampiga picha. Serikali ilileta helikopta, mbwa-mwitu wakapigwa risasi kutoka angani, kulungu wakaongezeka, wakubwa wakapeana mikono, helikopta zikaenda zao. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbwa-mwitu walirudi, wakakuta barabara ya mgodi na njia za pikipiki za theluji zimewafungulia mlango hadi kule juu, ambako zamani theluji laini iliwachosha kabla hawajafika. Siwalaumu. Mimi ni wa ukoo wa Mbwa-mwitu, nanyi wawili mmetoka tumboni mwangu, kwa hiyo ni wa ukoo huo. Ndugu yako akila sana humwitii askari. Unamwondolea sahani wewe mwenyewe.

Ndiyo maana kila theluji ilipoyeyuka mama yangu aliingia pangoni mwao, na baada yake nikaingia mimi. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Unatambaa kifudifudi, yule jike yuko nje anakulilia kwa mbali wala hakugusi, nawe unawatoa watoto wake macho hayajafunguka. Unachagua wawili, dume na jike, unawarudisha kwenye joto. Waliobaki unawanyonga kwa mikono yako, mmoja baada ya mwingine, ukiwaita ndugu na kuwaambia sababu. Mama yao humgusi kamwe, kwa kuwa yeye akiwapo kundi linabaki moja, na ni yeye peke yake anayezaa.

Mwaka jana miguu yangu ilikataa mlima, nikamtuma Lorne. Usiangalie sakafu, Lorne, nakusema ukiwapo ili nisikusengenye nikiwa nimekufa. Ulirudi na ngozi ya yule mama begani, ukasema, "Nimemaliza, Mama. Nimempiga nikiwa ng'ambo ya kijito, hata hakusikia uchungu." Nikakuuliza, na watoto? Ukasema, "Hao bila maziwa watajiishia wenyewe." Clifford akacheka, akasema, "Shemeji, umevunja chungu ili usikioshe." Nilimchukia kwa kicheko kile, na alikuwa na haki.

Kundi lile likasambaratika, yakawa makundi matatu, kila moja na jike lake lenye mimba. Baridi hii Clifford amekuta kulungu majike barabarani, matumbo yamepasuliwa, ndama ndani. Hukuwa na huruma, Lorne. Ulichagua bunduki kwa sababu inaua ukiwa mbali, ukaita hiyo huruma. Watoto wa pangoni walikufa kwa njaa, taratibu, gizani. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nawe umeliliza bonde zima.

Rhoda angekwenda bila kuambiwa, lakini ana mimba, na mwenye mimba hagusi mbwa-mwitu. Kumngoja mwakani hakuna, kwa kuwa mwakani huenda hakuna kulungu wa kumngojea. Kibanda ni cha Lorne.

"Mama, mpe Rhoda. Mimi siwezi."

Nimekusikia. Na ndiyo maana nakupa wewe. Usipokwenda, Clifford atakichoma moto na mitego imo ndani, nawe utapanga chumba mjini na kuwasimulia watu jinsi unavyowapenda wanyama. Clifford, umeapa? Itikia kwa kichwa, nione. Vyema.

Sasa kuzikwa kwangu. Mbwa-mwitu hazikwi na Mbwa-mwitu mwenzake; hiyo ni kazi ya ukoo wa Kunguru, ya Clifford na ndugu zake. Wao wanivishe, wao wachimbe, na Rhoda awalishe na kuwagawia blanketi.

Umesema nini, Clifford? "Nyinyi Mbwa-mwitu mnakula nyama, sisi tunaachiwa mifupa." Sawa, mkwe wangu. Mifupa yangu ni miepesi, hutalalamika.

Mtoto wangu haruhusiwi kushika sepetu. Kwa hiyo Lorne, mikono yako haina kazi kaburini. Wakianza kuchimba, wewe uwe unapanda. Usibaki kula karamu yangu, usibaki kulia, kwa kuwa majike wa kulungu hawatachelewesha kuzaa kwa ajili ya msiba wetu. Mapango ni matatu. Bunduki iache kwa dada yako. Wawili, dume na jike, warudishe ndani... hao wengine uwaambie... waambie wewe ni mwana wa Effie, wanajua harufu yangu.

Rhoda, maji. Basi, yametosha.

Mtoto wako azaliwe akiwa na sauti kubwa. Clifford, uzeeke naye. Lorne... sogea. Sikupi pole. Mungu akupe mikono ya haraka, wasiumie sana. Na wewe... usiumie sana.

Mbona bado umeketi? Kapakie mzigo wako.