Maji ya Moto Ambayo Hakuna Aliyeyaoga

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Kaeni, kaeni. Baba mchungaji amenipa dakika tano, lakini nawaambia mapema zitazidi, na kipaza sauti siachi mpaka nimalize.

Wengi mnanijua. Nasuka nywele kwenye saluni moja pale sokoni Warwick, na naishi mtaa wa Umbilo na binti yangu wa miaka saba. Flati yetu iko na vyumba vinne, familia nne, mita moja ya umeme. Yuniti tunanunua kwa zamu, kila familia wiki yake. Mimi ndiye niliyehamia mwisho, baridi ikianza, na kuanzia wiki ile ile yuniti zikawa zinaisha mbio. Za siku saba zinakatika siku ya nne.

Tukakubaliana kila mtu achomoe vitu vyake akitoka: hita, birika, televisheni, mpaka chaja ya simu. Jumapili moja wote walikuja hapa ibadani, mimi niko saluni, flati imefungwa. Waliporudi, yuniti zimepungua vilevile. Basi mama wa chumba cha mbele akasema, "Ule mama iko na kitu. Tangu aingie, mwangaza yetu inakuliwa."

Eish! Mimi, mlozi wa umeme!

Ningecheka, lakini wao hawakuwa wanacheka. Wakafunga jiko nisipike. Watoto wao wakakatazwa kucheza na binti yangu. Halafu nikaambiwa: ukubali uombewe, ama utoke mwisho wa mwezi. Nitoke niende wapi na mtoto, na makaratasi yangu ya kukaa nchi hii hayajakaa sawa? Na nani angenipa chumba na jina hilo?

Kilichofuata mnakijua, mlikuwepo. Nilipiga magoti hapa mbele, nikaulizwa kama ni mimi ninayekula mwangaza wa nyumba. Nikasema ndiyo. Mlishangilia sana. Mimi nilikuwa nawaza tu mtoto wangu atalala wapi.

Na baada ya maombi, yuniti zikaendelea kuisha! Hapo ndipo nilianguka kweli. Nikaanza kujiogopa. Namsuka mtoto nywele, najiuliza kama mikono hii iko na kitu. Siku moja nikamsuka mteja mistari ikapinda yote, bosi akaniita nje.

Bosi wangu ni Mtanzania, hana muda wa mambo mengi. Nikamweleza yote nikilia. Akasema, "We dada, acha ujinga. Hiyo mita yenu si ina taa ndogo nyekundu inayopepesa? Chomoeni kila kitu, muiangalie. Ikipepesa, kuna kitu kinawaka humo ndani. Kitafuteni."

Jumamosi mchana nikagonga milango yote mitatu. Nikawaambia, "Mnasema nakula umeme. Sawa. Njooni mnikamate nikila!" Wakaja, wengine na Biblia mkononi. Tukachomoa kila kitu, hata friji, tukasimama kwenye korido tunaangalia ile taa. Imetulia. Tukangoja. Kama robo saa hivi, hakuna aliyegusa kitu, taa ikaanza kupepesa yenyewe, mbio mbio. Mama wa mbele akaanza kukemea pepo. Nikamwambia, "Mama, ngoja." Nikapanda kiti, nikaanza kushusha swichi za kwenye boksi la umeme ukutani, moja moja. Ya tano kuishusha, taa ikatulia. Nikaipandisha, ikapepesa. Nikaishusha, kimya.

Baba wa chumba cha nyuma, anayelinda makontena bandarini, akasema hiyo swichi ni ya boila, lile pipa la kupasha maji ambalo watu wa hapa wanaliita geyser. Tukamcheka. Boila lilikufa zamani! Bomba lake lilivuja likafungwa, sote tunaogea maji ya birika kwenye ndoo. Akapanda kwenye dari ya bafu, akaligusa, akapiga kelele: "Mama yangu! Iko moto!"

Mnaelewa, ndugu zangu? Kilichofungwa ni bomba tu, maji yalibaki ndani. Fundi aliyekuja kutengeneza swichi wiki ile niliyohamia alizipandisha zote, hata ya boila iliyokuwa imeshushwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo boila linachemsha maji, yakipoa linayapasha tena, maji ambayo hakuna aliyeyaoga.

Mama wa mbele akasema labda pepo aliingia kwenye boila. Nikamjibu, "Hapana, mama. Kwenye boila iko maji."

Namshukuru bosi wangu aliyenikaripia badala ya kunihurumia. Namshukuru baba aliyepanda darini na magoti yake mabovu. Mama wa mbele aliniomba msamaha jikoni, nimempa. Nanyi nawaomba hivi: vitu vya kupasha joto vinakula hata msipovitumia, basi shusheni swichi zake. Na siku nyingine kitu kikipungua nyumbani, kabla hamjaweka mikono kwenye kichwa cha mtu, wekeni kwanza mkono kwenye swichi.

Lakini msamaha wa jikoni hautoshi, baba mchungaji, kwa sababu mimi sikuungamia jikoni. Nilisema ndiyo mbele ya watu hawa wote, na leo mbele yao nasema nilidanganya. Mimi si mlozi, na sijawahi kuwa. Umbilo sitoki, na kanisa hili sitoki. Jumapili ijayo mimi na binti yangu tutakaa mstari wa kwanza. Anayeogopa kukaa karibu yetu, atafute kiti huko nyuma.