Udi wa Mwanahija na Pacha wa Pili

Guangzhou, 30 Juni 2025. Huu ni mwaka wa thelathini na mmoja tangu nitoke nyumbani, na leo naandika habari za anayerudi: Bi Mwanahija Hafidh, anayestaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunza panda katika kituo kimoja nje ya mji huu.

Alitoka Unguja kuja kusomea tiba ya mifugo. Wakati sisi wenzake wa kutoka nyumbani tukihangaika na marobota ya nguo katika masoko ya barabara ya Guangyuan Xilu, yeye alikuwa akimlea mnyama ambaye wengi wetu tulimjua kwa picha za mablanketi tu. Jovitus, mwenye duka la simu katika jengo la Tianxiu, hakuchoka kumtania: "Dada Hija, huyo dubu wa Wachina anakupa nini? Njoo tuuze simu!" Naye humjibu: "Kamwone kwanza akizaliwa, kisha uje na maneno yako."

Jovitus alikwenda, na aliporudi hakumtania tena. Panda huzaliwa mwekundu, kipofu, anaenea kiganjani, ilhali mama yake hufikia kilo mia. Jike hushika mimba katika siku mbili tatu tu za mwaka. Akizaa pacha, kwa kawaida hulea mmoja na kumwacha wa pili afe. Huko milimani, mianzi, ambayo ndiyo chakula chao, ile ya aina moja huchanua kwa pamoja baada ya miaka mingi, kisha hufa yote. Zamani panda walihamia mlima mwingine. Siku hizi barabara na mashamba yamewakatia njia. Ndiyo maana kila mtoto ana thamani kubwa.

Kazi ya Mwanahija ilikuwa kumbadilishia mama pacha wake kwa zamu, huyu akitoka yule akiingia, ili wote wanyonye. Agosti 2012 jike aitwaye Qiuyu alizaa pacha. Siku ya Idd, Mwanahija alitoka kuswali akapitia kazini, nguo zake zimefukizwa udi kama ilivyo ada ya kwao. Alivaa koti la kazi juu, akambeba yule mdogo. Qiuyu alimnusa mwanawe, akamsukuma kando. Aliporudishiwa, akamgeuzia mgongo.

"Dada, leo unanukia harusi," Bi Chen, mkuu wake, alimwambia. "Mama hamtambui mtoto."

Mwanahija alioga, akaazima nguo, akampangusa mtoto kwa majani aliyolalia mama yake, akamnywesha maziwa kwa chupa hadi kesho yake jioni. Ndipo Qiuyu, kwa taya zile zile zinazovunja mianzi, alipomwinua taratibu na kumweka kifuani. 

Tangu siku ile hakufukiza udi tena, hata kwenye harusi ya bintiye Fathiya. Kila Idd alitujia akinukia sabuni na mianzi mibichi. Yule pacha wa pili sasa ni jike mzima, naye amezaa.

Bi Mwanahija, leo tunapokuaga tunakukabidhi chetezo na udi, alioutafuta Jovitus mwenyewe. Fukiza hadi nyumba nzima ijae. Hakuna tena mama wa kumkataa mwanawe kwa harufu yake. Ahsante kwa kutuonyesha tusichokijua. Mungu akupe afya, na wajukuu wakuzunguke. Ukifika, wasalimie wote watakaotuulizia. Wakiuliza habari zangu, waambie ni mzima. Mimi sirudi.