Lile "Nje" Halikuwa la Eligio Paniagua

Wewe uliyeandika "msaliti" kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa kiwanda cha sukari, kachukue brashi ukalifute. Mwandiko wako tumeutambua, mimi na mama yako pia. Una watoto watatu, una mvi kidevuni, na bado hujajifunza kuuliza kabla ya kutukana. Na nyie mliopita hapo mkacheka, mmemsaidia kupaka.

Eligio Paniagua Mota, ambaye mji wote wa Ingenio Santa Olaya unamwita Bacalao, yaani ng'onda, samaki mkavu, ameirushia mipira timu yetu ya besiboli ya Mapanga misimu kumi na sita. Utumishi wake unakoma leo Jumapili, tarehe tisa Novemba. Kesho anapanda basi kwenda kaskazini, Valle Alto, kuvaa jezi ya timu ya Farasi, kwa kuwa viongozi wetu wamembadilisha na mdakaji mmoja na mrushaji mmoja wa mkono wa kushoto ambaye hata jina lake bado linatutatiza ulimi. Kamati ya mashabiki iliniomba wasifu wa mistari kumi, kwa lugha ya sherehe. Mistari kumi ni ya mtu aliyekaa miaka miwili. Kamati ivumilie.

Jina la Bacalao alipewa siku ya kwanza. Alikuja uwanjani akitokea karakana ya kiwanda, alikokuwa akipaka grisi ekseli za mabehewa ya miwa. Mrefu, mkavu, mbavu unazihesabu kutoka ng'ambo ya barabara. Tancredo, mpiga ngoma ya tambora anayekaa na bendi yake nyuma ya benchi letu, alipomwona anavua shati akapaza sauti: "Jamani, nani kaanika ng'onda katikati ya uwanja?" Watu walicheka wakashikana mabega. Eligio akapanda kurusha. Mpira wake wa tatu ulimponyoka, ukapita juu ya wavu, ukatoboa tambora ya Tancredo na kubaki humohumo ndani. Tancredo mpaka leo anaapa ilikuwa makusudi. Eligio mpaka leo anaapa ulimponyoka. Mimi nilimwona amefunika mdomo kwa glavu, basi amueni wenyewe.

Tangu siku hiyo, kila Krismasi anampelekea Tancredo ngozi ya mbuzi, na kila Krismasi Tancredo anaipokea kwa maneno yaleyale: "Weka hapo, mharibifu. Na nyama yake mmeificha wapi?" Hivyo ndivyo wanavyopendana.

Nimefua nguo za Mapanga tangu kabla Eligio hajafika, na nguo haijui kusema uongo. Mrushaji mvivu, shati lake hurudi na jasho la kwapa tu. Suruali ya Eligio ilirudi na udongo mwekundu kwenye goti la kulia, kila mchezo, mahali palepale, kwa sababu aliporusha aliinama mpaka goti likabusu ardhi. Alifanya hivyo tukiwa tunaongoza, alifanya hivyo tukiwa nyuma kwa mikimbio tisa na nusu ya uwanja imeshakwenda nyumbani kula. Kiraka cha goti lile nimekishona mpaka sindano inajua njia.

Mwaka wa kombe letu la kwanza alishinda michezo sita mfululizo. Akaja mlangoni kwangu na soksi mkononi, kazishika kama ameshika kifaranga.

"Doña Mena, hizi usizifue. Zimeshika bahati."

"Zimeshika bahati au zimeshika kuvu?"

"Bibi, nakuomba. Nikishindwa je?"

"Ukishindwa, mwanangu, umeshindwa wewe. Soksi hairushi mpira."

Nikazifua kwa maji ya moto na sabuni ya mche, nikazianika barabarani kila mtu aone. Mji ulininunia. Mchinjaji aliniambia mifupa ya supu imekwisha, nami naiona imelala nyuma yake. Mchezo wa saba Eligio akawatoa wapigaji kumi na mmoja ambao magongo yao hayakugusa kitu ila upepo. Kesho yake mifupa ililetwa mpaka jikoni kwangu, bila kuombwa, na ulimi wa ng'ombe juu yake.

Ushindi wake kwa jumla ni tisini na saba, na makombe mawili. Hayo yameandikwa kwenye vitabu vya ligi, mwenye kutaka akasome. Lisiloandikwa ni la mwaka wa kimbunga. Upepo ulipomaliza kazi yake, Eligio alipanda juu ya mapaa na nyundo, na nyumba kumi na nne za mtaa wa reli ziliezekwa upya na mkono uleule wa kulia ambao viongozi walikuwa wamemkataza hata kubebea ndoo. Kocha wetu, Don Pascasio Liriano, alikuja mwenyewe akasimama chini ya ngazi akiwa amejishika kichwa.

"Shuka, Eligio! Mkono huo ni wa timu!"

"Mkono wa timu, Don Pascasio. Lakini mvua inawanyeshea hawa. Nipitishie misumari."

Na Pascasio akampitishia misumari mpaka jioni. Nalisema hili sasa ili mtakapofika chini ya karatasi hii msije mkadhani Pascasio ni shetani. Ni mtu mzima mwenye mdomo mwepesi, kama wengi wenu.

Haya, tulifikie lile linalowachoma.

Mrushaji mwenye misimu mingi kama yake ana haki katika mkataba: akitaka kukataa kubadilishwa, anakataa, na hakuna wa kumlazimisha. Eligio aliwekewa karatasi mezani akasaini, hakuuliza swali hata moja. Ndiyo maana mnamwita msaliti. Mnasema angetupenda angekataa. Mimi pia nilisema hivyo, tena nilisema kwa maneno ambayo padri hapaswi kuyasikia, mpaka Jumanne iliyopita alipokuja kuchukua nguo zake.

Nilikuwa nakunja, nikamchokoza: "Kumbe unawapenda watu wa milimani, wa Valle Alto. Nenda, kuna baridi huko, utakakamaa uwe ng'onda wa kweli."

Hakucheka. Alisema, "Doña Mena, mtu akiambiwa nje, anatoka. Hangoji kuambiwa mara ya pili."

"Nani kakwambia nje?"

"Nyie. Uwanja mzima. Januari."

Nililipindua beseni nikakaa juu yake.

Januari mnaikumbuka. Mchezo wa saba wa nusu fainali, raundi ya nane kati ya tisa, sisi mbili, wao moja, na wawili wao wamesimama vituoni tayari kukimbia. Eligio alikuwa juu ya kilima, pale katikati anaposimama mrushaji, na hakuwa amechoka hata kidogo. Pascasio akainuka kwenye benchi, akavuka mstari mweupe, akaenda kilimani kumnyang'anya mpira na kumtoa. Tancredo akaanza kwa ngoma, na sisi watu elfu tatu tukamwitikia: "Nje! Nje! Nje!"

Kila aliyekuwepo anajua tulikuwa tunamfukuza Pascasio. Rudi ukakae, mzee, tuachie mtu wetu. Ndivyo tunavyomwambia kila kocha na kila refa uwanjani hapa tangu babu zetu walipokuwa wanachezea magongo ya mti wa mpera. Lakini neno lenyewe ni moja tu, halina jina mbele wala nyuma. Na kilimani walikuwa wamesimama watu wawili.

Eligio alimkabidhi mpira, akavua kofia, akashuka macho chini. Sisi tukadhani ni hasira za kutolewa, tukampigia makofi, lakini nani angeyasikia makofi katikati ya ule ukelele? Mrushaji aliyeingia, mpira wake wa pili tu ulipigwa ukaenda kutua kwenye miwa, na msimu wetu ukaishia hapo. Wiki hiyohiyo Pascasio alihojiwa redioni, akatafuta pa kujificha, akasema: "Watu wenyewe walitaka Eligio atoke. Wote mliwasikia." Hakuna aliyempigia simu kumkanusha. Tulikuwa tumezima redio zetu kwa kununa. Mtu mmoja tu hakuzima, naye alikuwa Eligio.

Miezi kumi amelibeba neno lile. Mkewe Yudelka hakuambiwa. Alikuja mazoezini, akafundisha wapya namna ya kushika mpira, akatabasamu kwenye picha, huku moyoni anajua kwamba tumemchoka. Karatasi ya mabadilishano ilipofika, kwake ilikuwa barua iliyochelewa tu.

Nikamwambia Jumanne hiyo, "Eligio, mwanangu, tulikuwa tunamfukuza Pascasio."

"Ahsante, bibi. Unanifariji."

"Mimi? Ulishaniona namfariji nani katika mji huu?"

Hapo alicheka kidogo. Lakini hakuamini. Macho yake niliyaona. Akabeba mfuko wa nguo akaenda zake, nami nikabaki juu ya beseni nikijua kwamba neno la mwanamke mmoja haliwezi kuliinua neno la watu elfu tatu.

Kwa misimu kumi na sita mtu yule hakurusha mpira kabla ya kuitazama glavu ya mdakaji wake. Sisi tulirusha neno bila kutazama linamwendea nani, likampiga mtu wetu wenyewe, na badala ya kwenda kumwinua tukaenda kuandika ukutani.

Kwa hiyo, Mapanga na mji wote wa Ingenio Santa Olaya tunamshukuru Eligio Paniagua kwa bega alilotupa mpaka likalia kama mlango. Tunamshukuru na Yudelka, aliyelikanda kwa mafuta ya nazi kila Jumatatu bila kupewa jezi wala kuitwa jina kwenye kipaza sauti. Tunawaombea huko kaskazini waendako jirani mwema, mdakaji mwenye mikono tulivu, na afya. Wapishi wa Valle Alto wasimtilie pilipili, tumbo lake halitaki. Siku atakayochoka kabisa na mpira, aje azeekee hapa, kiwanja cha marehemu baba yake kipo na hakuna atakayekigusa nikiwa hai.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu muda ni mfupi.

Leo saa tisa na nusu, kabla ya mchezo kuanza, Eligio atapanda kilimani peke yake na mpira mkononi kuwaaga. Karatasi hii inagawiwa mlangoni kwa mashabiki tu. Atakayeipenyeza kwenye chumba cha wachezaji nitamjua, na atajua kwamba nimemjua.

Pascasio nimeshamwendea. Nilimkuta mezani anakula ndizi za kuponda, nikamweleza kila kitu, na mkewe akanisaidia pale pumzi iliponiishia. Alisogeza sahani kando. Kisha akasema, "Doña Mena, sikujua alikuwa anasikiliza redio."

"Sasa umejua."

"Watanizomea mbele ya wajukuu wangu."

"Watakuzomea, ndiyo. Utameza, na ndizi hizo utamalizia baadaye."

Amekubali, na heshima yake kwangu imerudi. Eligio akishasimama pale juu, Pascasio atainuka kwenye benchi, atavuka mstari mweupe na kuelekea kilimani, mwendo uleule wa Januari.

Akishavuka mstari, simameni wote. Wa kivulini na wa juani, wauza karanga, wenye fimbo, wenye watoto wachanga mgongoni, hata nyie mliokuja kumshangilia mgeni wa mkono wa kushoto. Nyoosheni mikono kwa Pascasio ili hata kiziwi aelewe, na safari hii neno litieni jina: "Nje, Pascasio! Nje, Pascasio!" Msipoe mpaka ageuke, arudi benchi, akae. Kisha fungeni midomo. Tancredo, na wewe weka fimbo ya ngoma chini. Asiende mtu kilimani, asimwite mtu, refa asiangalie saa. Mwacheni Eligio pale na mpira wake mpaka atakapotaka kushuka mwenyewe.